Usiku wa Kuamkia Jumapili

S.L.P. 218,
Runyenjes,
Embu.

Alhamisi, 22 Mei 2025.

Mpendwa Tata Kananu, shangazi yangu,

Leo ni Alhamisi, tarehe ishirini na mbili, na kabla ya kushika kalamu nimejiahidi kwamba nitakueleza yote, hata yale ambayo mkono wangu hautaki kuyaandika. Lakini kwanza pokea salamu zangu. U hali gani? Miguu imepungua kuvimba? Na mtoto je, bado anakupiga mateke ukilala ubavu wa kushoto kama ulivyotusimulia mwezi uliopita? Natumaini wakubwa wako hospitalini wamekupunguzia zamu za kusimama.

Sisi huku tu wazima, ila tumechoka. Mvua haijatupa nafasi tangu Pasaka. Majani chai yameota kuliko mikono ya kuyachuma, na Mama huamka kabla ya jogoo ili amalize mistari miwili kabla ya kukamua. Nguo hazikauki. Mitihani ya katikati ya muhula imeanza na juzi nilisinzia katikati ya karatasi ya Kemia. Mwalimu aliniamsha kwa kunigusa bega, wala hakuniuliza kitu. Nadhani aliona usoni.

Tata, Cucu si mgonjwa.

Nimeandika sentensi hiyo peke yake ili uisome mara mbili. Presha ya mama yako ni nzuri. Hajalala kitandani kwa ugonjwa hata siku moja mwezi huu. Baba alikuambia Jumapili jioni kwamba alipandwa na presha na kwamba hatukutoka Runyenjes. Tulitoka. Tulifika mpaka uwanja wa ndege Nairobi, na mizigo yote. Cucu hakupanda ndege kwa sababu yangu mimi.

Acha nianze mwanzo. Ulipotuma tiketi ya Cucu ya kuja kwako Doha mwezi wa Aprili, Baba alienda kuichapisha sokoni, akaileta imekunjwa ndani ya Biblia. Alinipa mimi niisome. Alisema, "Wewe ndiye msomi wa hii nyumba," na mimi, nisifiche, nilijisikia mkubwa.

Cucu aliuliza swali moja tu. "Wajina, ni mbali kama wapi?" Unajua ananiita hivyo kwa kuwa jina langu ndilo lake, na nilipoona IGOKI kwenye tiketi ile niliona kama ni mimi ninayesafiri.

Nilichukua atlasi ya shule na rula. Kati ya Nairobi na Doha nilipata kilomita elfu tatu na mia tatu hivi. Nilimwonyesha Mwalimu Riungu wa Jiografia, akasema nimekaribia, kwamba ni kama elfu tatu mia tatu na hamsini ndege ikienda moja kwa moja, na kwamba safari huchukua saa tano na dakika chache. Lakini Cucu hajui kilomita. Anajua njia ya kutoka Meru mpaka Runyenjes, maana ndiyo aliyoletwa nayo alipoolewa. Basi nikagawanya, nikamwambia Doha ni mara thelathini na moja ya njia hiyo.

"Mara thelathini na moja! Wacha! Nitafika nikute Kananu mwenyewe amekuwa cucu."

"Ni saa tano tu, Cucu."

"Saa tano? Na gari ya Kaburu inachukua saa nne kutoka hapa mpaka Nairobi, hapo ni kama haijachemka?" Alicheka mpaka akafuta macho kwa leso. "Basi hiyo ndege ni ya watu wenye haraka. Ni sawa. Mimi nina haraka. Nimemngoja huyo mtoto miaka kumi."

Niliendelea kukagua. Niliangalia kama saa za Doha ni tofauti na zetu, nikaona ni zile zile, nikamwambia Cucu asiguse saa yake ya mkono. Nilikagua uzito wa mzigo. Nilikagua jina, herufi kwa herufi, na nambari ya pasipoti. Kila kitu nilichokagua kilikuwa sawa.

Kwenye tiketi waliandika hivi: Jumapili, 18 Mei, 00:45. Nikageuza kama tunavyogeuza siku zote, nikapata saa saba kasorobo usiku. Nikasoma kwa sauti mbele ya watu wote: "Jumapili usiku, saa saba kasorobo." Baba akachukua kalenda ya kiwanda cha chai, akaandika ndani ya kisanduku cha tarehe kumi na nane: Mama, ndege, usiku.

Maneno yangu hayo mawili, Jumapili usiku, ndiyo yaliyotuharibia. Bi. Gladwell, mwalimu wetu wa Kiswahili, ametufundisha tangu Kidato cha Kwanza kusema usiku wa kuamkia. Nimewahi kupata alama zote katika swali hilo. Kwetu siku huanza kunapokucha, ndiyo maana saa moja ya kwanza ni ya asubuhi, na usiku wa Jumapili ni ule unaokuja baada ya watu kutoka kanisani. Kwenye tiketi siku huanza gizani watu wakiwa wamelala. Ndege ya Cucu ilikuwa ya usiku wa kuamkia Jumapili. Ilitakiwa tuondoke nyumbani Jumamosi mchana. Kama ningetamka neno hilo moja, kuamkia, Cucu angekuwa hapo kwako sasa anakukanda miguu.

Ulipopiga simu Ijumaa ukasema, "Haya Mama, tuonane Jumapili," Cucu alijibu, "Jumapili, Mungu akipenda." Wewe ulikuwa na Jumapili yako na yeye alikuwa na yake, na hakuna aliyejua. Jumamosi asubuhi stima ilipotea kwa sababu ya mvua. Baba akazima simu yake na ya Cucu ili chaji itufikishe Nairobi. Ndiyo maana hukutupata.

Jumapili tulienda kanisani. Mchungaji alimwita Cucu mbele, akina mama wakamzunguka wakamwekea mikono, wakaomba ndege yake iruke salama na itue salama. Cucu alikuwa amevaa ile sweta ya kijani uliyomtumia. Nimepiga hesabu ya saa ile mara nyingi, Tata, hasa nikiwa darasani. Ilikuwa kama saa tano. Ndege tuliyokuwa tunaiombea ilikuwa imetua Doha saa tano nzima kabla ya hapo, na wewe ulikuwa umesimama pale wanapotokea abiria, na tumbo lako hilo, ukitazama kila mwanamke mzee.

Tuliondoka saa nane mchana na Kaburu, yule jirani wetu mwenye Probox. Njia nzima alikuwa na maneno yake.

"Cucu, huko jua ni la bure. Ukirudi utufungie kidogo kwa mfuko, tuanike mahindi."

"Wewe endesha," Cucu akamwambia. "Ndege haingoji mtu wa kuongea."

Tulifika saa moja na nusu jioni. Cucu alifurahi kwamba tumewahi. Alikaa kwenye gari kidogo, akabadilisha viatu vya matope akavaa vile vya kanisa, akasema hataki kuingia nchi za watu na udongo wa Runyenjes. Pale ndani, dada aliyekuwa kwenye meza alichukua pasipoti yake, akabonyeza, akatazama kioo, akabonyeza tena.

"Mama, hii ndege ilienda."

"Ilienda wapi?"

"Doha."

"Si hiyo ndiyo yangu?" Cucu akasema. "Sasa mbona mimi niko hapa?"

"Ilienda leo, Mama. Saa saba kasorobo usiku. Usiku wa jana."

"Leo ama jana?"

Yule dada alitutazama sote, mmoja mmoja. "Zote mbili, Mama," akasema polepole.

Mimi nilielewa kabla ya wengine. Nilikuwa nimeshika ile karatasi na nikaiona ile 00:45 kana kwamba imeandikwa upya. Dada yule hakutudharau. Alimletea Cucu kiti, akamwambia Baba kwamba tiketi hii inaweza kubadilishwa mara moja, lakini aliyeinunua ndiye anayepaswa kuibadilisha, na ni kabla ya tarehe thelathini mwezi huu. Baada ya hapo inakufa. Tafadhali, Tata, ikumbuke tarehe hiyo.

Mama alimpeleka Cucu msalani. Baba akatoka nje, akawasha simu, akakuta umepiga mara kumi na moja. Kabla hajamaliza kuhesabu ikalia tena. Aliiweka kwa spika kwa sababu sikio lake la kulia halisikii vizuri siku hizi. Ulisema, "Mutegi, Mama yuko wapi?" na sauti yako ilikuwa imekauka. Baba akanitazama. Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mkono wa sweta. Akasema, "Mama amepandwa na presha. Hatukutoka nyumbani." Kisha ukasema, "Basi apumzike. Asije. Nitajipanga." Ukakata.

Usimkasirikie Baba. Alisema uongo huo kwa ajili yangu, ili usinione mimi mjinga. Hakujua kwamba ungesema asije.

Tulirudi na mvua. Tulipita Thika, tukasimama mahali kujaza maji kwenye gari. Hata Kaburu alinyamaza, na mtu akishazoea kelele za Kaburu, kimya chake kinaumiza. Tulipopita Embu ndipo Cucu akanigusa goti. "Wajina, lala. Kesho ni shule." Afadhali angenikemea.

Tangu siku hiyo hajafungua begi lake. Liko kando ya kitanda, na zile njahi, maharagwe meusi, alizokuchagulia punje kwa punje ili damu irudi baada ya kujifungua, na unga wa wimbi wa uji wako. Hataki mtu aziguse. Jumanne asubuhi ulipompigia ukamwuliza anaendeleaje, alikujibu, "Niko tu, nimechoka." Wewe ulisikia ugonjwa. Mimi nilikuwa hapo nikifunga viatu, na nakuambia ulikuwa uchovu wa moyo. Alipoweka simu chini alisema, "Kananu amekasirika. Hata hajaniuliza nitakuja lini."

Mama alimwambia, "Si umuulize wewe?"

"Siwezi kujialika mara mbili," Cucu akajibu, akachukua kikapu akaenda kuchuma chai.

Jumanne hiyo hiyo jioni Dada Hidaya, rafiki yako wa huko Doha aliye likizoni, alifika. Sikutegemea kumwona, nilidhani yuko kwao Embu, mtaa wa Dallas, na mama yake. Alikuwa ameteremka kwenye boda boda na mfuko wa machungwa, buibui yake imerushiwa matope hadi magotini. Cucu alikuwa zizini.

"Hodi! Nimekuja kumwona mgonjwa. Anaendeleaje?"

"Karibu, mwana wa Mbarak," Cucu akamwitikia kutoka ndani. "Huyo amepona. Jana alisimama mwenyewe, leo amekula gunia zima."

Dada Hidaya akashusha mfuko wa machungwa. "Gunia? La nini?"

"La majani ya napia! Na maziwa yameanza kurudi."

Nilimshika mkono nikamvuta jikoni kabla hajauliza zaidi, maana Cucu alikuwa anazungumzia ng'ombe. Huko jikoni nikamweleza yote kama ninavyokueleza. Naye akaniambia yale ambayo sisi hatukuyajua. Kwamba ulimpigia Jumatatu ukilia. Kwamba Mjomba Ishmael, mumeo, hawezi kushuka melini kabla ya Julai. Kwamba watakupasua tarehe tisa Juni, na umemwomba jirani wa ghorofa ya chini akuchungulie mara moja kwa siku, na yeye Hidaya akutazame akitoka dukani, na kwamba umekunja kile kitanda cha Cucu ulichokuwa umekitandika.

Nilimwuliza kama anaona mimi ni mjinga sana. Alicheka kidogo. "Kwetu Waislamu usiku ndio hutangulia siku," akasema. "Ukimwambia mama yangu usiku wa Jumapili, anajua ni Jumamosi jua likishazama. Maneno yako hayo hayo, kwetu yangemfikisha Cucu. Halafu hata mimi, mwaka wangu wa kwanza, niliachwa na ndege ya kurudi nyumbani hivyo hivyo. Niliwaambia watu ni foleni."

Nilitaka kucheka lakini sikuweza. Nilikuwa nawaza kile kitanda.

Jana jioni nilimkuta Baba akirudi kutoka kituo cha kununulia chai, kikapu kitupu mgongoni. Nilimwambia Tata amejipanga kubaki peke yake kwa sababu ya ule uongo, na kwamba nataka kukuandikia. Alishusha kikapu, akakikung'uta maji ya mvua. Nilifikiri atanikatalia.

"Nimejaribu kumpigia mara mbili," akasema. "Nikishika simu maneno yanakataa. Andika wewe. Mkono wako ni mzuri kuliko wangu. Mwambie na mimi nimekosa."

Basi nimekuambia. Barua hii anakuja nayo Dada Hidaya. Anasafiri Jumamosi, anataka kuwahi Idi huko na mumewe. Nimesoma tiketi yake pia, kwa kuwa aliniomba, na safari hii nilimwonyesha Bi. Gladwell kabla ya kufungua mdomo. Dada Hidaya anabeba kilo mbili za njahi ambazo Mama alipima kutoka ghalani, si zile za Cucu. Zile za Cucu nimeziacha ndani ya begi. Nadhani mtu ambaye amekata tamaa angekuwa ameshazipika.

Kama utaibadilisha tiketi, hatutakuangusha tena. Dada wa uwanja wa ndege alisema ndege ile huruka kila usiku. Ukiandika, usitaje siku moja. Taja mbili, ile ya kulala na ile ya kuamka, nami nitaziandika zote kwenye kalenda kwa wino mwekundu. Kaburu amesema gari yake iko tayari saa yoyote, na hataongea. Sina hakika na hilo la pili.

Cucu hajui kwamba ninaandika. Sikutaka atumaini halafu atumaini bure. Mimi mwenyewe nimechoka, Tata, lakini nikifikiria saa tano tu, saa tano na dakika chache, naona si mbali. Nimekaa kwenye gari ya Kaburu muda mrefu kuliko huo nikiwa sina tumaini lolote.

Mama anakusalimu sana, anasema ule chakula cha moto, si mkate tu. Baba anakusalimu na hataki niandike kwamba amekuwa akizunguka nje ya dirisha tangu nianze. Ukizungumza na Mjomba Ishmael akiwa baharini, mpe salamu zetu. Mwenyezi Mungu aushike mkono wa daktari siku hiyo, akupe mtoto mzima na wewe mwenyewe ukiwa mzima, na asikuache usiku hata mmoja.

Sina haki ya kukuomba kitu, lakini naomba jibu siku utakayopata barua hii, hata kama ni neno moja kwa simu ya Baba, ameahidi kutoizima. Nisamehe. Najua ulisema asije kwa sababu ulidhani ni mgonjwa, na sasa unajua si mgonjwa. Je, Tata, bado unamtaka mama yako aje?

Ni mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye bila kupumzika,

Igoki Mutegi.